Kosa la Watu Wawili

Risasi za kwanza zilisikika asubuhi, wanawake wa kijiji cha Swima wakiwa bado wanachota maji ziwani. Zilitoka juu, upande wa milima, halafu zikaanza kushuka. Ndani ya kituo cha afya, Igihozo alikuwa anabadilisha seromu, yaani dripu, ya Divine, msichana aliyejifungua alfajiri na ambaye damu yake ilikuwa inakataa kukatika. Aliinua kichwa, akasikiliza, kisha akaendelea kubandika plasta.

Igihozo alikuwa muuguzi. Alizaliwa milimani, katika familia ya wafugaji wanaosema Kinyarwanda, akasomea kazi yake mjini Uvira, na shirika la kikanisa lililoendesha kituo hicho likamleta Swima. Alikuwa amekaa pale muda wa kutosha kujua Kibembe cha kumwambia mzazi asukume au apumzike. Mkubwa wake katika wodi ya wazazi, maternité, alikuwa Georgette, Mbembe wa palepale Swima, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, aliyemwonyesha mambo mengi ambayo shule haikumwonyesha. Igihozo alimwita yaya, dada mkubwa, na hakuwa anamwita hivyo kwa heshima tu.

Georgette aliingia bila viatu.

"Toka. Batu bote banakimbia ku ziwa."

"Na Divine?"

"Mama-mukwe yake atabaki naye. Hawezi tembea, na banaume ba kumubeba bote bamekwisha kwenda."

"Basi mi nabaki, yaya. Damu haijakatika."

Georgette alimshika mkono, na hakumshika kwa upole. "Unisikilize. Bale ba kwenu ba juu, benye bunduki, bakifika, batakuuliza juu ya nini unatumika huku na siye. Batoto betu ba huku benye bunduki bakifika, batasema we njo uliita bale. Hakuna upande yenye itakuacha. Mi nasema utoke."

Divine aliwatazama kutoka kitandani, mtoto wake akiwa kifuani. Mama-mkwe wake ndiye aliyesema, kwa Kibembe, waende tu, Mungu yupo. Igihozo alifungua seromu ishuke haraka zaidi, akamwonyesha yule mama namna ya kukanda tumbo la mzazi ili damu ipungue, akaacha vitambaa vyote safi juu ya kitanda. Kisha alivutwa nje.

Walikimbia na wagonjwa walioweza kutembea. Walilala kifudifudi kwenye matete ya ziwani, matope yakiwaingia masikioni, Georgette akiwa ameweka mkono wake mzito juu ya mgongo wa Igihozo kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke. Hakuna aliyejua kwa hakika nani alikuwa anampiga nani. Jua lilipopanda sana, risasi zilikoma.

Waliporudi kituoni, walikuta mlango wa chumba cha dawa umevunjwa. Dawa hazikuwepo, magodoro hayakuwepo, friji ya chanjo ilikuwa imeangushwa na kupigwa matako ya bunduki. Divine alikuwa hai, lakini godoro lake nalo lilichukuliwa, na alikuwa amelala sakafuni, midomo myeupe. Walimfunga katikati ya watu wawili juu ya pikipiki na kumpeleka hospitali ya Baraka. Aliokoka. Daktari alilazimika kumtoa kizazi, na mtoto yule wa alfajiri ndiye akawa wa kwanza na wa mwisho.

Kuanzia siku ile maneno yalianza kutembea kijijini. Hayakumgusa Georgette. Yalisema kwamba muuguzi wa milimani alijua wenye bunduki watakuja. Yalisema alimfungulia Divine seromu makusudi, ili damu imtoke zaidi. Mtu mmoja alidai alimwona akiongea kwa simu mapema, na kweli aliongea kwa simu, alikuwa anamuuliza mama yake kama amekula. Mama huyo, Nyirakamana, ambaye siku ile alikuwa Baraka kwa ndugu wa kanisa, aliishi naye katika nyumba ndogo nyuma ya kituo, na siku moja alikwenda sokoni kununua ndagala, dagaa wa ziwani, akarudi na kikapu kitupu. Alisema tu kwamba samaki hawakuwa wazuri.

Mkurugenzi wa shirika alikuja kutoka Baraka. Aliitwa Papa Raphaël, mtu mpole wa kanisani, aliyekuwa na desturi ya kuvua miwani kabla ya kusema jambo gumu. Aliwaita wauguzi wale wawili, mmoja mmoja, akawataka waeleze kwa maandishi kwa nini waliacha kazi na mgonjwa ndani. Igihozo aliandika kwamba waliondoka wote wawili kwa sababu ya risasi. Georgette aliandika karibu maneno yaleyale. Igihozo hakuandika kwamba alitaka kubaki, maana aliona kuandika hivyo ni kumsukumia mwenzake mzigo. Georgette naye hakuandika kwamba ndiye aliyemvuta.

Majibu yalitoka Jumatatu. Georgette alipewa onyo. Igihozo alifukuzwa kwa kosa zito, palepale, bila muda wa taarifa, na aliombwa kuiacha nyumba ya kituo.

Alikwenda kumwona mkurugenzi akiwa bado amevaa blauzi nyeupe ya kazi.

"Papa Directeur, mi nilitoka. Sikatai. Lakini yaya Georgette naye alitoka, na yeye njo mukubwa yangu. Kosa iko moja."

Papa Raphaël alivua miwani. "Georgette iko muntu mwengine."

"Mwengine namna gani?"

"Mbele ya batu, Igihozo. Batu ba huku." Alitazama nje, ambako dereva wake alikuwa anafuta kioo cha gari. "Siwezi kukueleza zaidi. Ukikaa hapa itakuwa mubaya kwako kuliko kwa shirika. Siku moja utanishukuru."

"Basi munitume ku centre ingine. Muko na centre Lubondja."

"Na Lubondja ni nani atakulinda?"

Igihozo alikunja barua yake ya kufukuzwa. Aliondoka. Georgette alikuwa amesimama kwenye veranda ya wodi ya wazazi na beseni mkononi. Walitazamana. Georgette ndiye aliyegeuka kwanza akaingia ndani.

Igihozo na mama yake walihamia Baraka, chumba kimoja karibu na uwanja wa mpira. Alizunguka kuomba kazi kwenye vituo vya afya na maduka ya dawa. Walimpokea vizuri mpaka walipofika kwenye neno kosa zito katika barua yake, halafu sauti zao zikabadilika. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba angeweza kusamehe jina lake la milimani, au kosa lake, lakini vyote viwili kwa pamoja ni vingi. Alianza kukaanga mikate ya mafuta na kuiuza mbele ya nyumba. Mikono iliyozoea glavu ikapata malengelenge. Nyirakamana alikaa pembeni yake akiwa na shali yake ya milimani ijapokuwa kulikuwa na joto, na wateja wengine wakimwona yule mzee walipitiliza hadi kwa muuzaji wa mbele.

Kanisani alisikia kwamba mkaguzi wa kazi wa serikali anashuka kutoka Uvira na kuwapokea watu wenye malalamiko katika chumba cha kuazima. Alikwenda bila matumaini makubwa. Mkaguzi alikuwa mwanamke aliyeitwa Nadège, mwenye kikohozi na macho ya mtu aliyechoshwa na safari. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Shirika iko na haki ya kukuazibu," alisema. "Uliacha mugonjwa, hiyo ni kosa, hata kama kulikuwa na masasi. Lakini kama batu wawili bamefanya kosa moja, siku moja, saa moja, na mmoja anaachishwa, mwengine anabaki, mukubwa wa kazi anapaswa kueleza juu ya nini. Akishindwa kueleza, ile si azabu. Ni kitu ingine yenye bamekipa jina la azabu. Ni nani anaweza kusema mulitoka pamoja?"

"Yeye mwenyewe tu. Wengine walikuwa wanakimbia."

"Atasema?"

"Sijue, maman."

Alipanda pikipiki hadi Swima akiwa amejifunika kitambaa kichwani hadi karibu na macho. Alimkuta Georgette nyuma ya nyumba anaanika muhogo. Georgette hakushangaa. Alimletea kiti, akaendelea kupanga vipande vya muhogo juu ya turubai kuukuu.

"Mukaguzi anataka muntu wa kusema vile ilikuwa," Igihozo alisema.

"Na vile ilikuwa, ilikuwa namna gani?"

"Unajua, yaya."

Georgette alipangusa mikono kwenye kitenge. "Mume yangu hatoke tena kuvua ku ziwa, mugongo unamukataa. Batoto bote wanakula kwa hii kazi. Na hapa kijijini, nikienda kukusimamia we, batasema Georgette amenunuliwa. Umefikiri hii?"

"Nimefikiri."

"Na umekuya tu."

"Nimekuya tu."

Kuku alikuja kwenye muhogo, Georgette akamfukuza kwa mguu. "Kama nilikuacha ile siku," alisema hatimaye, "ungekuwa umekufa. Hii watu hawaijue. Hata we sijue kama unaijua."

"Naijua."

"Basi juu ya nini naona aibu?"

Igihozo alinyanyuka, akamtajia siku na mahali pa kikao mbele ya mkaguzi, akaaga. Georgette hakusema atakuja wala hakusema hatakuja.

Siku ya kikao Papa Raphaël alifika mapema, amevaa koti, pamoja na mhasibu wa shirika. Nadège aliwauliza kwa nini adhabu zilitofautiana. Mkurugenzi alisema Igihozo ndiye aliyekuwa anamhudumia mgonjwa wakati ule, hivyo wajibu wake ulikuwa mkubwa zaidi. Alisema hivyo akitazama meza. Maneno yale yalikuwa na sura ya kweli, na Igihozo peke yake asingeweza kuyavunja.

Mlango ulifunguliwa. Georgette aliingia, vumbi la barabara limemjaa hadi kwenye nyusi. Hakungoja kualikwa kukaa.

"Mi njo mukubwa wa maternité," alisema. "Bagonjwa bote bako bangu. Igihozo alikataa kutoka, alisema damu ya yule muzazi haijakatika. Mi nilimuamuru. Alipokataa, nilimuvuta kwa mukono. Kama kuna muntu aliacha mugonjwa, ni mi wa kwanza, na yeye alifuata."

"Ulisema hii ku barua yako?" Nadège aliuliza.

"Hapana. Niliogopa."

Nadège alimgeukia mkurugenzi na kungoja. Papa Raphaël alivua miwani, akaishika kwa muda mrefu. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya chini na ya kweli.

"Bazee ba kijiji balikuya ku bureau yangu. Balisema akibaki, batachoma centre. Ningefanya nini? Niko na dawa ya vijiji vingi pale. Niko na batoto ba kuchanja. Niliwaza ni heri muntu mmoja apoteze kazi."

"Ungesema hivyo," Nadège alisema. "Ungemuhamisha, ungemulipa haki yake, ungemuaga kwa heshima. Lakini uliandika kwamba ni mukosaji mukubwa. Sheria inaazibu kosa, Papa Directeur. Haiazibu kabila ya muntu."

Mkurugenzi aliomba muda wa kushauriana na wakubwa wake. Nje, Igihozo alitaka kumshukuru Georgette, lakini huyo alikuwa amekwisha kupanda pikipiki, mgongo umeelekezwa kwake.

Walikutana tena katika chumba kilekile. Safari hii aliyesoma uamuzi wa shirika alikuwa mhasibu, na mkurugenzi aliinamisha kichwa muda wote. Shirika lilikubali kwamba wauguzi wawili wametendewa tofauti kwa kosa moja. Kwa hiyo neno kosa zito litaondolewa kwa Igihozo, na atalipwa haki zake za kuachishwa, lakini hatarudishwa, maana usalama wake hauwezi kuhakikishwa. Na kwa kuwa Georgette amekiri mbele ya mkaguzi kwamba ndiye aliyeamuru kazi iachwe, naye anaachishwa. Hivyo wote wawili watakuwa sawa.

Igihozo alisikia neno lile la mwisho kana kwamba limesemwa kwa lugha asiyoijua. Alimtazama Georgette. Georgette alikuwa ameshika pindo la kitenge chake na kulikunja, kulikunjua, kulikunja.

"Huyu amekwisha kupewa onyo," Nadège alisema. "Kosa moja haliazibiwi mara mbili. Na alikuya hapa kusema ukweli, si kushitakiwa."

"Ni uamuzi wa wakubwa," mhasibu alisema.

"Basi nitaandika kwamba hatukupatana, na mama huyu ataenda ku tribunal." Nadège alikohoa, akamgeukia Georgette, na hakumdanganya. "Maman, nadhani utashinda. Lakini tribunal iko Uvira, na pale mambo yanakawia. Usiweke hesabu ya chakula cha batoto juu ya hii kesi."

Georgette aliitikia kwa kichwa. Kwenye ngazi za nje Igihozo alimfuata.

"Yaya."

"Uniache," Georgette alisema bila hasira. "Ulitaka tutendewe sawa. Sasa tuko sawa. Uniache niende nyumbani nitafute namna ya kuwaambia."

Shirika halikupata haraka wauguzi wengine wa kwenda Swima. Chumba cha wazazi kilifungwa kwa kufuli, na wanawake wa kijiji walioshikwa na uchungu wakawa wanapelekwa Baraka kwa pikipiki, wale waliopata pikipiki. Wazee waliotishia kuchoma kituo sasa walikwenda kwa mkurugenzi kuuliza kwa nini Georgette ameondolewa. Hawakuuliza habari ya yule mwingine. Baadhi ya watu, wakimpita Georgette sokoni, walimwambia kwamba hayo ndiyo matunda ya kumsimamia mgeni.

Igihozo alipata kazi mwishowe, Misisi, kwenye zahanati ya mtu binafsi aliyeitwa Vainqueur. Huko kwenye machimbo ya dhahabu hakuna aliyeuliza mtu ametoka wapi na alifukuzwa kwa nini. Aliwashona wachimbaji vidole vilivyosagwa na mawe, aliwatundikia seromu ya malaria, alilala katika chumba kinachonuka dawa na mafuta ya pikipiki. Nyirakamana alibaki Baraka kwa ndugu wa kanisa, kwa sababu njia ya Misisi ingemuua. Waliongea kwa simu. Mama hakulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza Igihozo zaidi.

Kesi ya Georgette ilipopangiwa siku, Nadège alimpigia Igihozo na kumuuliza kama angekubali kuja Uvira kusema aliyoyaona. Igihozo alimwomba Vainqueur ruhusa.

"Sasa, wakati bachimbaji bamejaa hivi?" Vainqueur alisema. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara. "Ukienda, nitatafuta mwengine. Nakuambia mapema, usiseme nilikuonea."

"Nimekusikia, patron."

"Basi utabaki?"

"Nitaenda."

Alifunga vitu vyake vyote, kwa sababu hakutegemea kurudi. Njia ilikuwa mbaya, mvua ilikuwa imekula madaraja, na walisukuma pikipiki mara nyingi kuliko walivyoipanda. Alipofika Baraka alilala karibu na mama yake, akaendelea na gari la mizigo. Lilipopita Swima alijifunika uso, kwa mazoea.

Mahakamani Uvira, Georgette alikuwa amekaa kwenye benchi la kibaraza, amepungua sana, kitenge kimezungushwa kiunoni zaidi ya ilivyokuwa zamani. Alimwona Igihozo akipanda ngazi na mfuko wake. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ya uamuzi. Georgette alisogea kidogo upande, benchi likapata nafasi.

"Umetoka kule kote?" aliuliza.

"Ndiyo, yaya."

"Bamekupa ruhusa?"

Igihozo aliuweka mfuko wake chini. Georgette alitazama ule mfuko mkubwa uliobeba hadi sufuria, akaelewa mwenyewe, akashusha pumzi.

Karani alitoka baadaye kidogo na kusema jaji hakuweza kufika, wakili wa shirika naye hakufika, kesi imeahirishwa, siku mpya watajulishwa. Alisema kwa haraka, akaingia ndani tena. Watu wengine waliokuwa wanangoja walianza kunyanyuka na kukung'uta nguo zao.

Wao wawili walibaki wamekaa. Mvua ilianza kunyesha juu ya mabati, kubwa, na barabara mbele ya mahakama ikageuka maji ya rangi ya udongo. Georgette alisema kwamba kwa mvua hii hakuna gari litakalokubali kushuka Baraka leo, na kwamba ana binamu anayekaa karibu na bandari, nyumba yake ndogo lakini hatawafukuza. Igihozo alisema sawa. Wakakaa kungoja mvua ipungue.